Muziki wa mashine inayokimbiza bodaboda

Swali: "Mwalimu, habari za kazi. Niko Arua, natengeneza filamu fupi ya mapambano, hadithi ya kubuni ya kisayansi. Mashine imetoroka, inamkimbiza msichana aliye kwenye bodaboda kutoka Nebbi mpaka daraja la Pakwach. Mbio zenyewe ni dakika 2 na sekunde 40. Nimeweka ngoma za kompyuta, sauti za umeme na okestra ya kompyuta, tabaka juu ya tabaka, zimefika 64. Bado muziki unasikika mdogo, na msichana akisema neno halisikiki. Rafiki mmoja ananiambia ninunue okestra kubwa zaidi ya kompyuta, mwingine anasema nirekodi ngoma za kweli. Nianze na lipi, na nitayaunganishaje haya matatu yawe kitu kimoja?"

Ndugu yangu, usinunue kitu bado. Kipande ulichonitumia nimekitazama mara sita, mara mbili nikiwa nimegeuza skrini ukutani ili nisikie tu. Ngoma unazo, okestra unayo. Ila vyote vimeanza pamoja bodaboda ilipowashwa, na vyote vimeendelea kwa nguvu ileile mpaka mashine inatumbukia Nile. Sikio limepewa kila kitu ndani ya sekunde tatu za mwanzo. Ukifika darajani huna cha kuliongezea, ndiyo maana pale penye kilele muziki unasikika umenywea. Wazee walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Katika filamu hupasukia masikioni mwa mtazamaji, naye hakuambii, anaacha tu kuisikia.

Haya nayajua kwa sababu yamenikuta. Zamani nilimpelekea mwongozaji mmoja muziki wenye tabaka karibu mia. Aliusikiliza wote, akavua hedifoni, akaniuliza kwa upole, "Hapa yule mama anasema nini?" Mama alikuwa anamwambia mwanawe akimbie. Ndilo neno lililobeba filamu nzima, nami nilikuwa nimelizika chini ya ngoma kumi na mbili.

Kwa hiyo jibu langu ni moja, na mengine yanatoka humo: muziki wa namna hii huwa mkubwa vyombo vinapopokezana. Vinaporundikana hupungua. Na ufundi wa kupokezana hatuhitaji kuagiza kutoka nje, tumezaliwa umo nyumbani.

Chukua amadinda, marimba ya Kiganda yenye mbao 12. Wapigaji ni watatu, wamekaa wakitazamana, mbao zilezile katikati yao. Wa kwanza anapiga mfululizo ulio sawa, tak, tak, tak, haongezi wala hapunguzi mwendo. Wa pili anaingiza wake katikati kabisa ya mapigo ya mwenzake, kila pigo likiangukia penye pengo. Wa tatu ana mbao mbili tu za mwisho, zile fupi za sauti ya juu. Kazi yake ni kunasa noti mbili za chini kabisa kila zinapojitokeza katika mfumo wa wenzake, na kuzirudia huko juu. Mkono wa mtu mmoja hauendi kasi ya kutisha, lakini jumla yao inamwagika kama mvua juu ya bati. Halafu linatokea jambo ambalo mpaka leo linanisisimua: unaanza kusikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga. Mtafiti Gerhard Kubik kutoka Austria alijifunza marimba hizi Kampala kwa Evaristo Muyinda, aliyekuwa mwanamuziki wa Kabaka, mfalme wa Buganda, na mwaka 1960 akachapisha uchambuzi wake. Alionyesha kwamba noti za juu sikio linazikusanya upande wake na za chini upande wake, na wimbo unaotokea unajengwa kichwani mwa msikilizaji.

Sasa itazame mashine yako. Ina viungo vingi, kila kiungo kinafanya kazi ndogo, na jumla yao ni akili inayokukimbiza. Huo ni muundo wa amadinda. Kwa hiyo usiuweke umeme juu ya ngoma kama blanketi. Ufanye mpigaji wa pili, aliyekaa ng'ambo ya mbao, anayeingia kwenye mapengo.

Tangu 1956, Louis na Bebe Barron walipotengeneza muziki wote wa filamu ya Forbidden Planet kwa saketi za umeme walizojiundia, watazamaji wamezoea kwamba umeme ni sauti ya kitu kigeni. Wewe utayatumia mazoea hayo kusimulia. Mwanzoni mwa mbio, nafasi zote ni za ngoma za watu. Mashine ikitokea mbali barabarani, umeme unachukua nafasi moja. Ikikaribia, tatu. Darajani inakuwa na nafasi tisa kati ya kumi na mbili, na ngoma za msichana zimebaki tatu zinazopumua kwa shida. Mtazamaji hatahesabu, lakini mwili wake utajua kwamba anazingirwa. Wala hukuongeza sauti hata kidogo.

Nafasi kumi na mbili nimezitoa wapi? Hapa naomba ukae na kalamu. Faili yako ina fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde. Weka mwendo wa mapigo 125 kwa dakika. Kila pigo litachukua sekunde 0.48, yaani fremu 12 kamili, na mapigo manne yatakuwa fremu 48. Fremu hizo 48 zigawe kwa nafasi 12, kila nafasi inapata fremu 4, hakuna kinachobaki. Nafasi zikifungwa tatutatu unapata mapigo manne ya fremu 12, mwendo wa mtu anayekimbia. Zikifungwa nnenne unapata mapigo matatu ya fremu 16, mwendo mzito wa kitu kikubwa kinachokanyaga. Msichana yuko kwenye manne, mashine iko kwenye matatu. Wote wanaanza pamoja, wanapishana, wanakutana tena baada ya fremu 48. Hukubadilisha mwendo, ila mtazamaji anahisi miili miwili tofauti kwenye barabara moja. Na kwa kuwa kila kitu kinaangukia juu ya fremu nzima, mhariri wako anaweza kukata picha popote kwenye nafasi hizo bila kuukwaza muziki. (Mwenzako anayepiga picha kwa fremu 24 atumie mwendo wa 120, hesabu nyingine zote zinabaki zilezile.)

Mpigaji yeyote wa Kiganda aliyekulia kwenye midundo ya bakisimba au nankasa hutahitaji kumweleza habari ya tatu dhidi ya nne, imo mikononi mwake. Kinachohitaji kuelezwa ni kompyuta. Programu nyingi hufunguka zikiwa zimegawanya kila pigo mara nne, na wengi wetu tunatunga humo mwaka mzima bila kuuliza. Badilisha ugawaji huo uwe mara tatu kabla hujaweka noti ya kwanza.

Halafu usigongeshe ngoma kwenye kila mkato wa picha. Umefanya hivyo mara 31, nimehesabu. Gongesha pale mtu anapotambua jambo: msichana anapoona taa nyekundu kwenye kioo cha pikipiki, anapotambua kuwa daraja limefungwa. Mikato mingine iache ipite juu ya mdundo unaoendelea.

Sasa sauti zenyewe. Ndiyo, rekodi ngoma za kweli, ila chache. Kundi la Kiganda lina mgawanyo wa kazi ambao ungepaswa kuunakili hata ukitumia ngoma za kwenu. Empuunyi ni moyo, ile ambayo watu wa pwani wangeiita vumi, sauti ya chini isiyosema mengi. Embuutu ndiyo inayozungumza. Namunjoloba ni ndogo, inapigwa kwa fimbo, sauti yake kali inakata kama chapuo. Na engalabi, ndefu, ngozi yake ya kenge imeshikiliwa kwa vigingi, inapigwa kwa viganja. Ngoma nne, kazi nne, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Wewe umeweka vumi kumi na moja.

Nikusimulie siku moja ya kurekodi. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na ngozi ya engalabi ilikuwa imelegea kabisa. Ukiipiga inatoa sauti ya kofi juu ya unga uliokandwa. Mimi nilishaanza kufikiria namna ya kuinyoosha baadaye kwenye kompyuta. Mpigaji hakusema kitu. Alitoka chini ya upenu, akawasha majani makavu ya mgomba, akawa anaizungusha ngoma karibu na moto kama mtu anayechoma ndizi za gonja, huku akiigonga kwa kidole cha kati kila baada ya pumzi mbili tatu. Kila alipogonga sauti ilipanda: du, do, ta. Mwisho ikatoa mlio mkavu, kama kijiti kilichovunjwa karibu na sikio. "Sasa," akasema. Tulikuwa na kama dakika ishirini kabla unyevu haujairudisha chini, na ndizo dakika tulizorekodi. Hakuna kifaa cha kompyuta ambacho kingenipa mlio ule. Ukipanga siku yako ya kurekodi, panga na moto.

Weka maikrofoni moja karibu na ngozi, umbali wa shubiri mbili, na nyingine mita tatu nyuma ili ichukue chumba. Sauti husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita ni karibu milisekunde 3. Ile ya nyuma itafika imechelewa milisekunde 9, na ukizichanganya bila kuangalia, besi ya moja itafuta besi ya nyingine. Ukiona ngoma imekonda ghafla, tatizo liko hapo. Sogeza rekodi ya nyuma mbele kidogokidogo, ukisikiliza chini kabisa, mpaka mwili wa ngoma urudi. Rekodi kwa sampuli 48,000 kwa sekunde, kipimo cha kazi za video, usije ukapata taabu ya kubadilisha baadaye. Na ule mlio wa kuhesabia mwendo umpe mpiga empuunyi peke yake kwenye hedifoni. Wengine watamfuata yeye kama wanavyofanya kila siku, na ngoma zitabaki na uhai. Ukimpa kila mtu hesabu ya mashine masikioni, kila mtu atapiga peke yake.

Pigo kubwa, lile la mashine inapotua barabarani, usilijenge kwa ngoma thelathini. Lijenge kwa vitu vitatu vinavyopokezana ndani ya nusu sekunde. Kwanza mlio mkavu wa chuma, mfupi sana, kila kitu cha chini kimekatwa. Mara baada yake mwili wa embuutu moja. Mwisho wimbi laini la umeme linaloanza hezi 80 (mitetemo 80 kwa sekunde) na kuteremka hadi 45 kwa theluthi ya sekunde. Kila kimoja kinaondoka mwenzake anapoingia. Jaribu hili kabla ya jingine lolote, utasikia tofauti jioni hiyohiyo.

Chuma chenyewe usikitafute dukani. Jerry Goldsmith alipotunga muziki wa filamu ya Planet of the Apes mwaka 1968, alitumia mabakuli ya chuma ya jikoni kama ala za kugonga, na sauti ile haijachakaa. Mimi huenda Katwe, Kampala, kwa mafundi wa vyuma, asubuhi kabla kelele hazijawa nyingi, naomba kugonga rimu za magari, vipande vya mabati mazito, mitungi mitupu. Arua mafundi wa kuchomelea hamkosi. Nenda na kinasa sauti na fimbo tatu: ya mbao, ya chuma, na moja uliyoizungushia kitambaa. Rimu iliyoning'inizwa kwa kamba inalia kwa muda mrefu zaidi kuliko rimu iliyolala chini. Na kwa yale mabawa madogo ya mashine yako, fikiria vibuyu vya larakaraka vya Waacholi, vinavyopigwa kwa spoki za baiskeli. Sauti yake ni kavu, ya juu, yenye punje nyinginyingi. Leo Palayeng na Otim Alpha wa Gulu waliujenga upya muziki huo wa harusi ndani ya kompyuta, wakaupeleka kasi ambayo mikono peke yake ingechoka. Wasikilize. Wasikilize pia kundi la Nihiloxica la Kampala, ambako wapiga ngoma wa Kiganda wanapiga ana kwa ana na sintesaiza, kinanda cha umeme kinachounda sauti, na uangalie jambo moja tu: sintesaiza inanyamaza mara ngapi.

Kuhusu msichana kutosikika. Maneno ya binadamu yanaeleweka zaidi kwa sauti zilizo kati ya hezi 1,000 na 4,000 hivi, ndiko konsonanti zinakokaa. Namunjoloba, chuma, vibuyu, fidla zinazokwaruza, vyote vinakaa mtaa huohuo. Kushusha muziki wote ni kuua mbio. Toa wapangaji wa mtaa huo tu, kwa muda wa sentensi, na uiache empuunyi iendelee chini na besi ya umeme. Msichana akimaliza kusema, warudishe wote kwenye nafasi ya kwanza ya fremu 48 zinazofuata. Kurudi kwao kutasikika kama mlipuko, na mtazamaji atadhani umeongeza ngoma mpya.

Na filamu yako itaonwa wapi? Wengi wataiona kwenye simu, na spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya hezi 150 au 200. Lile wimbi lako la 45 litakuwa kimya kabisa. Bahati nzuri sikio lina tabia ya kujaza: likisikia 200, 250 na 300 kwa pamoja, linahisi 50 hata kama haipo. Kwa hiyo ongeza mkwaruzo kidogo kwenye besi ya umeme, programu ya kuharibu sauti kwa kiasi, mpaka hizo sauti za juu yake zizaliwe. Wengine wataiona kwenye kibanda cha video, na kule VJ atakuwa anatafsiri na kusimulia juu ya kila kitu kwa maikrofoni. Kuna watunzi wanaolalamika kuhusu maVJ. Mimi nawaheshimu, wamewalea watazamaji wa nchi hii, na muziki ulioachia sauti ya msichana nafasi utamwachia VJ nafasi hiyohiyo.

Tuje kwenye okestra, maana hapa kuna shimo ambalo watu wengi hutumbukia bila kulijua. Ulinieleza kuwa ulipoweka sampuli ya marimba ya Kiganda juu ya fidla za kompyuta, "kitu kilikuwa kibaya" ukakitoa. Masikio yako yako sawa. Okestra imegawanya oktava yake, yaani umbali kutoka noti moja hadi noti yenye jina lilelile juu yake, sehemu 12 za senti 100 kila moja (senti hapa ni kipimo cha umbali kati ya noti, siyo pesa). Marimba ya Kiganda imegawanya oktava sehemu 5 zinazokaribiana, senti 240 hivi kila moja, na kila ala ina tofauti zake kulingana na mkono wa aliyeichonga. Hesabu: noti za marimba ziko 0, 240, 480, 720, 960. Ya 480 iko karibu na 500 ya okestra, ya 720 iko karibu na 700, tofauti ya senti 20 ambayo sikio linaivumilia na hata kuifurahia. Lakini 240 iko kati ya 200 na 300, na 960 iko kati ya 900 na 1,000. Fidla ikipiga yoyote ya jirani hizo, zitagombana.

Kwa hiyo okestra yako mahali penye marimba ishike noti tatu tu: ya msingi, ile ya karibu na 500, na ile ya karibu na 700. Noti ndefu, za chini, bila wimbo. Wimbo uwe wa marimba na sintesaiza, na sintesaiza uifuatishe marimba: ile noti ya pili ipandishe senti 40 kutoka 200, ya tano ishushe senti 40 kutoka 1,000, kisha maliza kwa sikio ukilinganisha na rekodi yenyewe. Mpiga fidla wa kweli hahitaji hesabu hizi. Mchezee marimba mara tano, kidole chake kitapata mahali. Tafadhali usiinyooshe marimba kwa programu ili ikubaliane na okestra. Ukifanya hivyo umebaki na marimba ya kengele za shule, na ule mng'ao wa kigeni ambao filamu yako ya kisayansi ilikuwa inauhitaji umeutupa.

Mahali pasipo na marimba okestra iko huru. Hapo chelo na besi zipige noti fupifupi zikifuata engalabi, siyo zote, zile za kwanza za kila kundi la tatu. Fidla za kompyuta mara nyingi huchelewa kidogo kufikia nguvu yake hata kwenye noti fupi, zisogeze mbele mpaka zikae pamoja na ngozi. Na kama pesa inatosha kitu kimoja tu, mlipe mpiga chelo mmoja wa kweli apige juu ya chelo zako za kompyuta. Kampala wapo, kuanzia Kampala Symphony Orchestra, na rekodi ya mtu mmoja mwenye pumzi inatosha kuwadanganya wasikilizaji kwamba wote ni watu. Hilo ndilo jibu la rafiki yako wa okestra kubwa.

Mavumo ya matarumbeta ya kompyuta uliyoweka kila mashine inapotokea, yatoe. Kila tangazo la filamu duniani limeyatumia. Na wewe uko West Nile! Agwara unazo mlangoni, baragumu za mbao, kila moja na sauti yake, wapigaji wakipokezana mpaka wimbo unakamilika. Busoga wana ndugu yake, bigwala, matarumbeta ya vibuyu ambayo UNESCO iliyaweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Rekodi baragumu tano tofauti, noti moja moja, halafu ziteremshe oktava nzima kwenye kompyuta. Pumzi ya mtu itabaki ndani, lakini mapafu yatasikika kama ya kitu kikubwa kuliko nyumba. Hiyo ndiyo sauti ya mashine yako ikiita.

Wapigaji wote hao waandikie karatasi, hata nusu ukurasa: wamepiga nini, wamelipwa nini, itatumika wapi. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inawatambua watumbuizaji kuwa na haki zao, na zaidi ya sheria, ni sauti zao. Ukitaka sauti ya ngoma za kifalme, usinyemelee sherehe na simu mfukoni, tafuta wapigaji waliofundishwa na ukubaliane nao.

Sasa mbio zako. Dakika 2 na sekunde 40 ni fremu 4,000. Gawa kwa 48: unapata vipande 83, na fremu 16 zinabaki. Nilipoona hesabu hiyo nilicheka peke yangu kwa furaha, kwa sababu fremu 16 ni pigo moja kamili la mashine. Ufanye hivi. Vipande vinane vya kwanza, empuunyi peke yake na mlio halisi wa injini. Usiogope utupu huo, utakulipa. Engalabi iingie cha tisa, bodaboda inapoingia lami. Umeme uchukue nafasi yake ya kwanza taa nyekundu inapoonekana kiooni, na kuanzia hapo uwe unaziongeza moja moja, kila mara mashine inapokata umbali. Okestra isiingie kabisa kabla ya kipande cha 40, Nile inapoonekana kwa mara ya kwanza. Upana wa mto ndio unaostahili upana wa fidla. Marimba iingie darajani tu, ikiwa na fidla zake za noti tatu, na agwara mbili za mwisho.

Zile fremu 16 zilizobaki ziweke kati ya mashine kuruka na mashine kugonga maji. Kimya kabisa, hata mwangwi wa ngoma ukate. Sauti kubwa ikipita, sikio linabaki limeziba kwa sehemu ya sekunde, hadi mbili za kumi hivi, na kinachofuata mara moja linakisikia kidogo. Fremu 16 ni sekunde 0.64. Sikio litakuwa limefunguka lote, na pigo lako la vitu vitatu litaingia peke yake kwenye uwazi huo.

Anza na vipande nane vya kwanza na vinane vya mwisho, katikati utapajaza baadaye. Nitumie mafungu matatu, ngoma peke yake, umeme peke yake, okestra peke yake, yote yakianzia fremu ya kwanza. Nitayasikiliza kwenye simu kwanza, halafu kwenye spika.